Mshale wa spidi umelala: usiulaumu waya kabla hujauchunguza

Gari linakwenda, injini inavuma, nguzo za barabarani zinapita dirishani moja baada ya nyingine, na mshale wa spidi umelala kwenye sifuri. Wengi wakifika hapo hukata shauri papo hapo: waya umekatika, ununuliwe mwingine. Mara nyingi wanakuwa wamepatia. Lakini waya wa spidi haukatiki bila sababu. Nilishawahi kufunga mpya bila kuuliza wa zamani ulikatikia nini, na baada ya majuma machache nikawa nimejikunja tena chini ya dashibodi, nimeshika waya mpya uliokatika palepale ulipokatikia wa kwanza. Ala yake, yaani ganda la nje linaloufunika, ilikuwa imekunjwa nyuma ya injini na kibanio kilichokazwa kupita kiasi. Hakuna waya ambao ungedumu pale.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana yapo maswali mawili: ni kitu gani hasa kimekufa, na ni nini kilichokiua. Ukishayajibu, kazi ya mikono yenyewe ni ya saa moja au mbili kwenye magari mengi.

Nazungumzia magari ambayo mita yake ya spidi huendeshwa na waya unaotoka kwenye giaboksi. Ni mengi ya yale yaliyotengenezwa hadi miaka ya 1980, na baadhi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yaliyofuata hutumia sensa inayotuma mapigo ya umeme. Ukichungulia pale kwenye giaboksi ukakuta plagi yenye nyaya za umeme tu, gari lako halina waya wa spidi wa kubadilisha, na tatizo liko kwingine.

Waya usiovuta

Chanzo cha utata wote ni jina. Tukisikia "waya" kwenye gari tunafikiria waya wa handibreki, wa klachi au wa akseleta, yaani waya unaovuta kitu. Waya wa spidi hauvuti chochote. Unazunguka. Ni shafti ndefu inayoweza kupinda, imesukwa kwa nyuzi za chuma zilizoviringwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likienda kinyume cha lililo chini yake, kisha ikaingizwa ndani ya ala isiyozunguka. Ala hufungwa pande zote mbili na kutulia, na kinachofanya kazi ni waya wa ndani peke yake.

Upande wa chini, kwenye giaboksi, shafti inayotoa nguvu kwenda magurudumuni ina meno yaliyochongwa kama skrubu. Meno hayo huzungusha gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, ambayo mafundi huiita pinioni. Katikati ya pinioni kuna tundu la pembe nne, na humo ndimo inamozama ncha ya waya, nayo ya pembe nne. Kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele pinioni hukaa upande wa difu, ambayo imo humohumo ndani ya giaboksi. Kwa kuwa mzunguko huchukuliwa baada ya gia zote, haijalishi uko gia ya kwanza au ya nne: waya hufuata magurudumu, haufuati injini.

Volkswagen Beetle ina mpango wake. Waya wake hauna habari kabisa na giaboksi. Hupita katikati ya ekseli ya gurudumu la mbele kushoto, ncha yake ikachomoza kwenye kifuniko cha grisi cha gurudumu na kushikwa hapo na kipini kidogo. Kwenye gari hilo mshale uliolala unaweza kuwa na maana ndogo sana: kipini kimedondoka, au tundu la kifuniko limelika likawa duara na ncha inacheza tu ndani yake.

Waya huzunguka kiasi gani? Kwenye magari ya Kijapani kipimo kilichozoeleka ni mizunguko 637 kwa kila kilomita. Yaani gari likienda kilomita 60 kwa saa, waya unazunguka mara 637 kwa dakika, na likifika 100 ni mara 1,062 hivi. Mita za Ulaya zina vipimo tofauti, na mara nyingi namba yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye uso wa mita. Hizi namba ziweke akilini, zitatufaa mbele.

Upande wa juu, ndani ya mita, kuna jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hawalijui: waya haujaunganishwa na mshale. Waya huzungusha sumaku. Kando ya sumaku, bila kugusana nayo, kuna kikombe chepesi cha alumini, na mshale umepachikwa kwenye kikombe hicho. Sumaku inapozunguka huamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, nayo mikondo hiyo huzaa nguvu ya sumaku yake yenyewe, na kikombe hujikuta kinaburutwa kufuata sumaku. Kingeendelea kuzunguka, isipokuwa springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Mvuto wa sumaku na ukaidi wa springi vikilingana, mshale hutulia hapo. Ukiongeza mwendo, mvuto unazidi na mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze aliisajili hataza ya mita ya namna hii mwaka 1902, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata magari yalipima mwendo kwa njia hiyohiyo.

Namba za kilomita ni habari nyingine. Zenyewe zinaendeshwa kwa meno na waya uleule, moja kwa moja, bila sumaku. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa uchunguzi wote.

Nani amekufa?

Angalia mshale na kilomita kwa pamoja. Ikiwa mshale umelala lakini kilomita zinaendelea kuhesabu, waya ni mzima, kwa sababu kuna kitu kinachozungusha meno yale. Tatizo liko ndani ya mita, kwenye kikombe, springi au mshale wenyewe. Ikiwa mshale unafanya kazi na kilomita zimesimama, waya ni mzima vilevile. Kuna kigia ndani ya mita kimevunjika meno, na kwenye mita za zamani zenye vigia vya plastiki hilo ni jambo la kawaida. Ni pale vyote viwili vinapolala kwa pamoja ndipo waya unakuwa mshukiwa wa kwanza, na hata hapo si mshukiwa pekee, maana pinioni ikilika meno, dalili zinakuwa zilezile.

Kuna dalili zinazotangulia kifo. Mshale unaotikisika huku na huku kwenye mwendo mdogo, kisha ukatulia gari likishika kasi, ni waya unaokwama kwenye mpindo. Ukikwama, upande wa chini unaendelea kuzunguka, hivyo waya unajikaza kama springi. Ukifika kikomo unajiachia ghafla na mshale unaruka, kisha unakwama tena. Kwenye kilomita 20 kwa saa waya huzunguka mara tatu na nusu hivi kwa sekunde, na jicho linauona kila mruko. Kwenye 100 ni karibu mara 18 kwa sekunde, mshale hauwezi kufuata kasi hiyo, basi unaonekana umetulia. Watu husema "ukikimbia inapona". Haijapona. Waya unaendelea kujikaza na kujiachia, mara nyingi zaidi kuliko mwanzo.

Mlio mkali kama wa panya nyuma ya dashibodi, hasa asubuhi yenye baridi, ni ukavu: ama wa waya ndani ya ala, ama wa shafti ya mita yenyewe. Mshale unaoruka hadi mwisho wa mita na kung'ang'ania huko gari likiwa linakwenda taratibu, hilo ni la mita. Sumaku na kikombe vimeunganishwa na uchafu, au na grisi iliyopanda, na kikombe kinaburutwa kwa nguvu badala ya kuvutwa kwa upole. Mita ya namna hiyo ukiifungia waya mpya, umeusogeza waya karibu na kaburi. Shafti nzito ya mita ndiyo muuaji wa waya ninayemkuta mara nyingi kuliko wote, na ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Sasa jaribio. Fungua waya upande wa mita, uache mita peke yake. Inua gurudumu moja linaloendeshwa na injini kwa jeki, gari likiwa kwenye ardhi tambarare na magurudumu yanayobaki chini yamezuiwa kwa vigingi, kisha weka stendi. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja. Weka gia nyutro na umwombe mwenzako alizungushe gurudumu kwa mkono wakati wewe unaitazama ncha ya waya. Ikizunguka sawasawa, waya na pinioni ni vizima, na mgonjwa ni mita. Ikizunguka kwa kusitasita, waya unakwama. Isipozunguka kabisa, uvute waya wa ndani taratibu kutoka kwenye ala. Ukitoka kipande, umepata jibu. Ukitoka mzima na ncha zote mbili bado zina pembe nne kali, basi angalia pinioni.

Waya uliotoka usiutupe kabla hujausoma. Ninapoutoa huufuta kwa kitambaa, nikaupitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu iliyokuwa ikisuguana na ala utaihisi kabla hujaiona: pananyooka na kuwa laini, nyuzi za juu zimebabatika na kung'aa kama senti mpya. Pima kwa mkono pako umbali gani kutoka kwenye mita, kisha nenda kwenye ala upime umbali uleule. Utakuta mpindo mkali, au kibanio, au ala iliyoyeyuka kwa kugusa bomba la moto la ekzosi. Hapo ndipo penye kosa. Waya uliokatikia karibu na mita huku nyuzi zake zikiwa zimefumuka kama ufagio unasimulia jambo lingine: juu palikuwa pazito, waya ukajisokota hadi ukashindwa.

Mita nayo ihukumiwe kabla ya waya mpya kufungwa. Chukua kipande cha waya wa zamani chenye ncha nzima, kiingize kwenye tundu la mita, ukizungushe kwa vidole. Kinapaswa kuzunguka bila kusita wala kukwaruza. Mwenye drili inayoweza kwenda taratibu anaweza kuitumia kuzungushia kipande hicho, aanze polepole sana, na akiona mshale unajikandamiza chini ya sifuri ageuze upande. Kwa mita ya mizunguko 637, drili inayozunguka mara 637 kwa dakika inapaswa kuusimamisha mshale kwenye 60.

Kazi yenyewe

Ondoa terminali hasi ya betri kwanza. Nyuma ya mita kuna nyaya za taa na za geji, na mkono unaopapasa gizani na spana haujui unagusa nini.

Kufikia nyuma ya mita ndiko kunakotofautiana sana baina ya gari na gari. Kwenye mengine mkono unapenya kutoka chini ya dashibodi, kwenye mengine lazima fremu ya mita ifunguliwe na mita ivutwe mbele kidogo. Ukikuta njia yenyewe inadai kuondoa usukani, na usukani una mfuko wa hewa, mwachie fundi anayeijua mifumo hiyo. Usiivute mita kwa nguvu waya ukiwa bado umefungwa. Sukuma waya kutoka upande wa injini kuja ndani ili upate ulegevu wa sentimita chache, ndipo uvute. Kiungio chenyewe ni nati ya mviringo inayofunguliwa kwa vidole, au klipu ya plastiki yenye masikio ya kubonyeza. Klipu zilizozeeka ni kavu na hukatika upesi, hivyo bonyeza sikio kwanza, kisha ndipo uvute, usifanye vyote kwa mpigo mmoja.

Upande wa giaboksi, safisha tope pembeni mwa kiungio kabla ya kufungua, maana chembe moja ya mchanga ikiingia mle itakaa na gia. Utakuta nati, au pini, au bolti moja inayoshika kibati. Kama pinioni inatoka pamoja na ala, oili kidogo itamwagika, weka chombo chini. Hapo hapo angalia kama ndani ya ala ya zamani kuna oili ya giaboksi. Ikiwamo, sili ya pinioni imechoka na oili imekuwa ikipanda. Badilisha sili na ringi ya raba sasa, ukiwa tayari umefungua, kwa sababu oili hiyo haiishii kwenye waya. Zile nyuzi zilizoviringwa hufanya kazi kama skrubu: zikizunguka huibeba oili kuipeleka juu, hadi ndani ya mita, hadi kwenye kikombe na springi.

Kabla ya kuutoa waya wa zamani kwenye njia yake, funga kamba nyembamba kwenye ncha moja ya ala. Ukivuta ala, kamba inabaki imeshika njia ileile, kupitia raba ya ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, na ndiyo itakayouongoza mpya.

Laza wa zamani na mpya sakafuni, ubavu kwa ubavu. Urefu wa ala ulingane, viungio vilingane, na waya wa ndani uchomoze kwa kiasi kilekile kila upande. Milimita chache hapa ni jambo kubwa. Waya uliozidi urefu utaisukuma shafti ya mita kutoka nyuma na kuila bushi yake, uliopungua utachomoka kwenye tundu barabarani. Ukivuta na kusukuma ncha kwa vidole, waya wa ndani unapaswa kucheza kidogo kwenda mbele na nyuma, usiwe umekazana.

Grisi ni mahali ambapo nia njema inaharibu kazi. Waya mwingine huja umekwisha kupakwa, na huo uache kama ulivyo. Usiopakwa, upake grisi laini, utando mwembamba tu, kuanzia chini. Sentimita 20 za juu, upande wa mita, zifute ziwe kavu. Sababu tumeshaiona: skrubu ile itapandisha grisi yenyewe, na kilichozidi kitaishia mahali ambapo hakitakiwi. Usitumie oili ya injini, ni nyepesi mno na itapanda yote.

Sasa njia. Pitisha ala mbali na ekzosi, mbali na shafti ya usukani, mbali na chochote kinachosogea. Kila mpindo uwe mpana: ukiuendeleza akilini hadi uwe duara kamili, kutoka katikati hadi ukingoni zipatikane sentimita 15 au zaidi. Sentimita tano za kwanza kutoka kwenye mita ziwe zimenyooka kabisa. Vibanio vishike ala bila kuibonyeza, na raba ya ukutani irudi mahali pake, la sivyo bati litaikata ala kidogo kidogo kila gari linapotikisika.

Funga upande wa giaboksi kwanza, ukihakikisha ncha imezama kwenye pinioni. Isipozama, usikaze nati ikusaidie kuisukuma. Zungusha waya kwa vidole kutoka juu hadi uhisi pembe nne zimekaa. Halafu zungusha gurudumu tena uone ncha ya juu ikizunguka, ndipo uunganishe na mita, kwa mkono bila koleo.

Barabarani, anza taratibu na usikilize. Mlio mdogo wa mara kwa mara unaopanda kadiri mwendo unavyopanda ni ala inayogusa kitu au mpindo uliobana. Rudi ukaurekebishe siku hiyohiyo, kwa kuwa waya mpya huanza kulika tangu kilomita ya kwanza. Mwombe mwenzako aliyekaa pembeni alinganishe mshale na spidi inayosomwa na simu kwa satelaiti. Usishtuke mshale ukisoma juu kidogo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mita za magari inakataza mita isome chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu isome juu kwa asilimia 10 na kilomita 4, yaani gari linalokwenda 100 kwa kweli linaweza kusomeka hadi 114.

Na kama mshale umetulia vizuri lakini unasoma chini, au juu mno, usirudi kuufungua waya. Waya hauwezi kukosea kwa kiasi: ukizunguka, unatoa juu mzunguko uleule uliopokea chini. Kosa la kudumu linatoka kwenye matairi ya kipimo tofauti na cha awali, pinioni yenye idadi ya meno isiyo yake, mita iliyotolewa kwenye gari la aina nyingine, au springi na sumaku vilivyochoka.

Mwisho, chukua daftari la gari uandike kilomita zilizosomeka siku waya ulipokatika, na makadirio ya safari ulizofanya mita ikiwa imelala. Oili ya injini na mkanda wa taimingi vimetembea kilomita hizo zote, ingawa namba kwenye dashibodi hazikuzihesabu.